Mume Wangu Alishuhudia Amepona, na Hajapona

Admin, nifiche jina kabisa, maana mama mkwe wangu husomewa kila kitu na wajukuu kwenye simu. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka thelathini na sita, naishi Kibomet hapa Kitale. Mume wangu ni fundi wa makochi, mtu mpole, na mimi ndiye nimemharibia.

Tangu azike kaka yake, usingizi ulimhama. Halali, hali, hachezi na watoto, anashika nyundo anaiweka chini. Rafiki yake akampeleka kwa mama mmoja mshauri huko Bungoma. Huyo mama alimwacha kwanza aongee yote ya kaka yake, kisha akamtuliza kwa sauti ya polepole mpaka mwili ukalegea. Wanaita hipnosisi. Mume wangu aliniambia unasikia kila kitu, na ukitaka unaamka. Alipoenda mara ya nne, akalala mpaka watoto wakachelewa shule, maana yeye ndiye huwaamsha. Mngeona alivyocheka!

Hapo wivu ukaniingia. Siku moja alisema, "Yule mama nimemwambia vitu sijawahi kuambia mtu." Nikauliza vitu gani. "Ni vya kaka. Tuache tu." Jamani, nimemzalia watoto watatu! Nilikasirika, na kweli mdomo huponza kichwa. Nikampigia mama mkwe huko Misikhu nikamwambia ati mtoto wake anafumbwa macho na kuitiwa marehemu waongee. Nilijua ni uongo. Hakuna marehemu aliyeitwa.

Kesho yake mama mkwe alifika na akina mama watano wa kanisa. Wakafunga siku tatu sebuleni kwangu. Jumapili wakamsimamisha mume wangu mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Nilimwona akimwangalia mama yake, machozi yanamtoka mama wa watu, kisha mume wangu akasema tu, "Bwana asifiwe. Nimepona, nalala vizuri." Kanisa lote likapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Sasa ni miezi minne. Halali. Anajilaza tu na macho amefumba ili nisijue, na mimi najua. Nikimwambia turudi Bungoma, anasema, "Mama watoto, nilishuhudia mbele ya watu. Nitarudi na uso gani? Mama atasema nimemfanya Mungu mwongo." Hanilaumu, maana hajui ni mimi niliyepiga simu. Anadhani ni yule rafiki yake aliyesema, na siku hizi hawasalimiani.

Juzi alimpa jirani nyundo zake zote na cherehani. Nikamuuliza atafanya kazi na nini. Akasema, "Si yeye atazitumia, bana. Mimi nimechoka." Niliogopa sana. Nikampigia mshauri, akasema nisimwache peke yake hata kidogo na nimpeleke haraka. Lakini mume wangu amekataa kwenda mpaka mama yake aseme sawa, na mama hawezi kusema sawa kabla hajajua ukweli, na ukweli ninao mimi. Nikiusema, huenda nikarudishwa kwetu na watoto wabaki.

Mama mkwe anafika kesho mchana. Nitukaneni, nastahili, lakini nishaurini pia: nianze kumwambia nani, mume wangu ama mama yake?