Matumbawe Nyuma ya Duka la Misumari

Habari ya kifo chake ilinikuta Handeni, kwenye foleni ya mbegu za mahindi. Aliyenipigia alisema, "Yule mtu wako wa misumari pale Korogwe hatunaye. Anazikwa leo alasiri." Nikasema innalillahi, nikakata simu, nikanunua mbegu na hata bei nikaivutavuta. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua kwa wepesi wa machozi. Safari hii sikulia, na hadi naandika haya sijalia. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana sana. Babu yake alitoka India, yeye akazaliwa Korogwe, na akikasirika aligomba kwa Kishambaa. Mbele aliuza misumari na bawaba. Nyuma, sebuleni, alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai. Aliyaagiza kwa simu kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyeyapandikiza mwenyewe, yakaja kwa basi ndani ya mifuko ya maji. Mara ya kwanza aliyapokea kama anavyopokea misumari: akafungua, akatumbukiza. Yakageuka meupe, yakafa yote. Tangu hapo alipunguza taa, akauacha mfuko uelee juu ya maji ya tangi mpaka joto lilingane, kisha akayahamishia kwenye beseni na kuwadondoshea maji ya tangi wageni wake tone kwa tone, kwa mpira mwembamba aliokuwa ameupiga fundo. Yeye na mkewe hawakujaliwa watoto. Mkewe alianza kwa kuyacheka, akaishia kuyalisha.

Siku moja nilikuwepo. Mzee mmoja wa Kang'ata aliyefuata bawaba alichoka kusubiri kaunta, akachungulia ndani. "Mwanangu, mimi nina gari la kurudi, na wewe unanywesha mawe?"

"Shikamoo mzee. Si mawe haya, ni wanyama. Wametoka Dar, bado wana uchovu wa safari."

"Marahaba. Mgeni akija kwangu anakaribishwa, anakula, yamekwisha."

"Huyu ukimkaribisha haraka, mzee wangu, unamzika."

Mzee akavuta kigoda, akakaa kuangalia matone hadi gari likamwacha. Hakulalamika, ila aliomba apunguziwe bei ya bawaba. Nami nimelifikiria sana beseni lile. Siku hizi tunaagiza kila kitu kwa kidole: viatu, vifaranga, hata wachumba. Kitu kinafika, lakini muda wa kukipokea hatuuagizi. Bi harusi anashushwa Mnyuzi leo, kesho tunauliza mbona hajazoea. Mwalimu mgeni anapelekwa Lutindi, baridi haijamzoea, tayari tunasema anaringa. Yule muuza misumari alijifunza subira kwa kuua, na hakulificha hilo kwa mteja yeyote aliyeuliza.

Nilifika msibani siku ya pili. Baba yake mdogo, aliyekuja kutoka Tanga, alikuwa ameamuru kila kinachonguruma kizimwe ili Kurani isikike: redio, televisheni, na pampu ya tangi pamoja na betri yake. Betri ile marehemu aliifunga ili umeme ukikatika matumbawe yasikose pumzi. Alijihadhari na umeme, hakuwaza kwamba siku moja sebule ile ingekuwa ya msiba wake. Hakuna aliyembishia mzee, kwa kuwa ndivyo tunavyoheshimu wafu.

Mjane aliniita kwenye tangi. Maji yalikuwa na ukungu, na harufu imeanza. "Shemeji, wewe ulikuwa unakaa naye hapa. Hebu niambie, bado yako hai?"

Nyama ya matumbawe ilikuwa imebambuka, imebaki mifupa mitupu. "Hapana, shemeji."

"Nilisikia mashine imenyamaza," akasema. "Nikadhani na yenyewe inamwomboleza." Akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio. "Nilitaka niwe nayalisha. Nilikuwa nimeshapanga."

Nilisimama pale, na kwa aibu yangu, bila hata chozi. Desturi ya kuwanyamazia wafu ni nzuri, sitaki itutoke. Lakini, ndugu msomaji, ukiingia nyumba ya msiba na mkono wako ukaelekea kwenye swichi, muulize kwanza mjane: hiki kinachonguruma, kinamweka hai nani?