Mfua jezi na namba 52

Saa nne asubuhi, Alhamisi. Katika chumba cha chini cha chuo kimoja kidogo karibu na Germantown, Maryland, Ameir Abdulghafur anapima jezi kwenye mizani kabla ya kuzitia mashinani. Zimebaki siku mbili timu icheze nusu fainali ya vyuo vidogo. Jezi moja, namba 52, ameiweka kando juu ya kiti, na anakwepa kuitazama.

"Hapo usikae," anamwambia mgeni, ingawa mgeni hakuwa na nia hiyo.

Ameir, 49, mzaliwa wa Vikokotoni, Unguja, hulipwa dola nne na nusu kwa saa kufua nguo za wachezaji sitini wa ule mpira wa Kimarekani, unaochezwa zaidi kwa mikono na kwa kugongana. Kwao alikuwa akimsaidia baba yake kuosha maiti. "Kufua, kuosha, mie ndiyo kazi yangu tangu utotoni," anasema bila kucheka.

Namba 52 ilikuwa ya Nehemiah, kijana wa miaka ishirini aliyefariki kwa ajali ya gari Agosti hii ya 1986, wiki mbili kabla ya msimu kuanza. Mama yake, Dorothea, ni mwenyeji wa Marangu anayeishi Woodbridge, Virginia. Timu ikaamua jezi yake itandazwe kwenye benchi kila mechi, na isioshwe mpaka siku watakayofungwa. Hawajafungwa. Wameshinda mechi kumi za msimu na mbili za mtoano.

"Haivaliwi na mtu," anasema Ameir. "Mie mwenyewe naifungia sandukuni, mie mwenyewe naitoa. Mechi ya kwanza ilirudi na jasho. Nikasema labda mvua. Ya tatu ikarudi na majani viwikoni."

Septemba jezi hiyo ilikuwa na uzito wa robo tatu ya ratili. Jumamosi iliyopita mizani ilionyesha ratili nne.

Mwandishi wa makala haya, anayejigamba kuwa haamini mambo hayo, aliishika bega kwa vidole viwili. Ilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Aliiachia upesi, na haoni haya kusema aliogopa.

Dorothea ameiomba mara tatu. Kila mara kocha humjibu kwa upole kwamba asubiri ubingwa.

"Kaka Ameir, mimi mwanangu nilimzika," alimwambia kwa simu Jumatatu. "Sasa hao wamemtoa wakamweka benchi. Wananiambia nisubiri season iishe. Yeye atapumzika lini?"

Ameir alimwuliza, kwa kuwa yeye Mkristo, kama ingemuudhi jezi hiyo ikioshwa kwa desturi za Kiislamu. Akajibiwa: "Mwoshe unavyojua wewe, halafu niletee."

Mlango unafunguliwa. Kocha amekuja kukumbusha kwamba masanduku yawe tayari saa tisa. Macho yake yanakwenda kwenye kiti. "Hiyo usiiguse, Ameir. Ukiiosha, huna kazi hapa."

Ameir anasubiri mpaka nyayo zake zisisikike tena ngazini. Kisha anajaza beseni maji ya vuguvugu.

Anaanza upande wa kulia, halafu kushoto, taratibu, mara tatu, alivyofunzwa na baba yake. Maji ya kwanza yanatoka meusi. Ya pili yanatoka na udongo mwekundu, na uwanja wa chuo hiki hauna udongo huo. Mashine zote zimenyamaza, wala hakuna aliyezizima. Ameir hageuki. Maji ya mwisho, yenye kafuri aliyoinunua kwa Wahindi wa Langley Park, yanatoka safi.

Anaikamua, anaipima. Ratili moja tu, pamoja na maji yake.

Jioni hii ataendesha gari hadi Woodbridge. Jumatatu atatafuta kazi nyingine, na mkewe, Bimkubwa, keshaambiwa.

"Jumamosi wakishinda, wakishindwa, kila mchezaji atarudi kwao kulala," anasema, akiikunja jezi kwenye taulo. "Na huyu namtaka alale kwao."