Kombe Langu la Kisomi

Mwanangu, wewe unayeanza kulea, siku nne nzima nilikana. Nilimkania daktari, nikamkania mume wangu, nikamkania shangazi yangu wa Ujiji: mtoto hajanywa dawa yoyote. Siku nne unaweza kuziona chache. Zihesabu kando ya kitanda cha mtoto wa miaka mitano anayetapika na kulegea, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Mtoto huyo ni Idi wangu, na ana usonji. Nilikuwa nimesoma kwamba ubongo una seli zake za kinga, zinazopogoa miunganiko ya neva kama mkulima anavyopogoa kahawa, na kwamba kwa baadhi ya wenye usonji seli hizo huonekana zimechachamaa. Waandishi wenyewe walikiri hawajui kama hicho ni chanzo au matokeo, na mengi waliyapima kwa panya. Mimi, mwenye shahada ya fasihi, nilijua. Nikapanda hadi Mwandiga, nisikojulikana, nikanunua vidonge vikali vya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, nikawa namsagia kwenye uji. Mashavu yakamjaa, majirani wakanisifu kwa kulisha. Wiki ya sita nikaogopa, nikaacha ghafla. Siku mbili baadaye akalazwa.

Na mimi huyuhuyu ndiye niliyemcheka shangazi alipomletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini na kuoshwa kwa maji ili anywe.

Siku ya nne nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Shangazi alikuwa amevikuta vidonge kabatini.

"Mama Idi, hivi vya nani?"

"Vyangu, shangazi. Vya mgongo."

"Mgongo gani, na wewe kutwa umekaa?" Akaniangalia. "Kombe langu nililileta mchana, ukalicheka mbele za watu. Lako mbona umemnywesha kwa siri?"

Soma, mwanangu, sikukatazi. Lakini jambo ambalo bado linachunguzwa si dawa. Usimpe mtoto kitu utakachoona haya kumtajia daktari. Na kama umeshampa, kitaje kabla hujaulizwa. Mungu akulindie wanao, akupe na ulimi mwepesi wa kukiri. Wangu ulikuwa mkavu nilipopiga simu.

"Daktari, nilikudanganya." Nikamtajia vidonge, wiki sita, na siku niliyoacha.

"Usikate." Nikamsikia akimwita muuguzi, akitaja sindano. Kisha akarudi. "Mwili wake ulikuwa umeshavizoea, mama, ukaacha kujitengenezea homoni ya aina hiyo; ulipovikatisha ghafla ukabaki mtupu. Sasa tunajua tunachotibu. Njoo na hivyo vidonge."