Jino Hili la Nani?

Mwanangu, kivuko cha Pangani hakina kosa. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba jino langu la mbele lilivunjika pale, nilipoteleza nikishuka kivukoni, na kila niliposimulia niliongeza tope kidogo. Sasa umeniandikia kwamba utapandikizwa jino, lile la skrubu linaloshikizwa mfupani, na unataka kujua utarajie nini. Siwezi kukushauri huku nimeukalia uongo. Jino langu nililivunja kwa popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa pamoja na tambuu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwari wa miaka kumi na saba, nisiyeruhusiwa kutafuna tambuu. Nikaiba popoo kavu, nzima, kwenye sahani ya bibi yangu. Mkasi wa kuikatia sikuuona, basi nikatumia meno. Popoo haikupata hata mkwaruzo.

Bibi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Niliishi naye Pangani wakati wa likizo. Siku za masomo nilikaa Tanga, Ngamiani, kwa shangazi. Shangazi alipoona pengo langu alishika kichwa. "We mtoto, nani atakuoa na mlango wazi namna hiyo?" Akanipeleka kwa daktari wa meno, Mgoa mmoja mpole, mwembamba, ambaye alizungumza Kiswahili kama mtu anayetembea juu ya mayai.

Nilikwenda nikijua kitakachotokea. Siku zile sisi tulijua tiba moja tu ya jino, nayo ilikuwa koleo. Lakini yule daktari alichungulia, akagonga kwa kijiti cha chuma, akasema, "Mzizi mzima. Hatung'oi. Tutajenga juu yake." Akanieleza kwamba angetoboa mzizi, asimike humo kigingi cha dhahabu, na juu ya kigingi akae mgeni, jino jipya. Wewe mzizi wako umekwisha ng'olewa, ndiyo maana daktari wako anakwenda mpaka mfupani na skrubu. Lakini maajabu ni yale yale: kitu kisicho chako kinaingia mwilini, na mwili unakubali kukipokea.

Basi utarajie hivi. Kwanza sindano ya ganzi. Mdomo wangu wa juu ulihama kabisa; nilijua upo kwa sababu niliushika kwa mkono. Halafu mashine. Yangu ilikuwa ya kukanyagwa kwa mguu, kama cherehani, na daktari alitoboa kwa mwendo wa fundi anayeshona shuka. Utasikia harufu ya kitu kinachosagwa, na itakuchukua muda kutambua kwamba kinachosagwa ni wewe. Maumivu hayakuwa makubwa. Kilichonitisha ni kule kulala chali, kinywa wazi, bila ya kuweza kujibu, mimi ambaye shuleni nilikuwa na jibu la kila kitu.

Baadaye akanijaza kinywa kitu laini cha vuguvugu, akangoja kikaze, akakitoa. Niliporudi wiki iliyofuata nikakuta taya langu mezani, limefinyangwa kwa plasta nyeupe. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Umewahi kujiona kinywa chako kwa ndani, kutoka nje? Mikunjo yote ya kaakaa ilikuwapo, na lile jino la pembeni lililopinda, na pengo. Nilisimama pale kama niliyeingia chumba cha watu bila ya hodi. Miaka kumi na saba nilikuwa nimebeba kitu kile nikikitumia kula maandazi na kubishana.

Kisha ikaja shughuli ya rangi. Mimi nilidhani meno ni meupe, basi. Daktari alinivuta dirishani kwenye mwanga, akatoa vipande vya meno vilivyopangwa kama shanga, akalinganisha kimoja kimoja na meno yangu, akirudi nyuma, akisogea, akikunja uso. "Tazama," akaniambia, akinipa kioo. "Huku juu manjano kidogo. Katikati kama maziwa. Ncha ina ubuluu." Kweli, ubuluu ulikuwapo. Aliyeniumba alikuwa ametia rangi tatu kwenye kijino kimoja, nami sikuwahi kushukuru hata moja.

Siku jino liliposimikwa alinipa tena kioo, akatoka nje, nadhani kwa makusudi. Nikatabasamu. Nilitafuta mpaka, mahali ambapo mimi naishia na mgeni anaanzia, na sikuuona.

Sasa tufike kwenye upumbavu wangu, maana nasaha yote imo humo.

Nilikwenda Pangani mwisho wa wiki ile nikiwa nimejaa majivuno. Bibi alinikalisha uani, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye jua. Alitazama muda mrefu. Nadhani naye alistaajabu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jino hili la nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mimi sikuwa nimemwuliza daktari lolote. Sikujua jino limetengenezwa kwa kitu gani. Lakini mwanafunzi wa Tanga angesemaje hajui? Nikajibu, "La Mzungu mmoja, bibi. Alikufa, akaliacha."

Nikacheka. Bibi aliondoa mkono kidevuni mwangu.

Alasiri ilipoingia nikatandika mkeka wangu wa kusalia kando ya wake, kama tulivyozoea tangu utoto wangu. Akauvuta wake upande wa pili wa ukumbi.

"Bibi, nilikuwa natania."

"Basi si la maiti?"

"Si la maiti."

"La nini?"

Nikaanza kukunja na kukunjua ukingo wa mkeka.

"Hujui," akasema. "Una mfupa kinywani, hujui wa mtu au wa mnyama, hujui wa mnyama gani, na unataka kusimama mbele ya Mola karibu nami. Mimi ni mzee, mwanangu. Sala zangu zilizobaki si nyingi za kuchezea."

Nikaropoka kwamba nitaling'oa. Lakini daktari alikuwa ameniambia wazi: kigingi kikivutwa, mzizi utapasuka, na hapatakuwa tena na pa kujenga. Kwa hiyo ama nikae na pengo maisha yangu yote, ama nikae na jino, na bibi yangu asali mbali nami. Nilirudi Tanga nikilipapasa kwa ulimi kila hatua. Ubaya ni kwamba sasa na mimi nilikuwa na hofu. Kila nilipotia udhu nilijiuliza ni mfupa wa nani ninaousukutua.

Bibi hakukaa kunung'unika. Alikwenda mwenyewe kwa sheikh mmoja mzee aliyekuwa akiishi Mwera, na mjomba wangu akaniletea maswali ya sheikh kwa barua. Jino ni la kitu gani? Kama ni mfupa, wa kiumbe gani? Likitolewa, litamdhuru msichana? Nikayapeleka kwa daktari huku nimejiandaa kuona haya, nikidhani atatucheka.

Hakucheka. Aliisoma barua, akavua miwani, akaifuta. "Sheikh huyu ameuliza vizuri," akasema. "Wewe umekuja kwangu mara tano hukuuliza hata moja."

Maneno yale yaliniingia kuliko ile mashine. Kisha akaniwekea kiganjani jino ambalo bado halijapata mwenyewe. "Kauri," akasema. "Udongo mweupe, kama wa kikombe cha kahawa. Unachomwa tanurini. Hakuna mfupa, hakuna mnyama." Nikalitazama lile jino la udongo, jepesi, lenye ubuluu wake kwenye ncha, nikakumbuka kwamba sisi wenyewe tumeumbwa kwa udongo, nikamrudishia kwa mikono miwili. Daktari akaandika majibu yote, akachora na picha ya mzizi na kigingi, kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba barua yake inakwenda kwa msomi.

Kwa hiyo, mwanangu, uliza. Uliza skrubu ni ya madini gani, jino ni la nini, mfupa utachukua miezi mingapi kuishika, na ikikataa itakuwaje. Usione haya, daktari mzuri hupenda kuulizwa, na mbaya utamjua papo hapo. Uvimbe wa siku mbili tatu usikutishe. Sukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kula uji, usiwe na haraka. Ulimi utalisumbua lile jino kama mtoto anayemchungulia mgeni, kisha siku moja utasahau ni lipi. Na mkubwa wako akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui. Mimi nilikwenda chuo kikuu na bado sentensi hiyo ndiyo inayonishinda kuitamka. Mungu aubariki mkono wa daktari wako, na mfupa wako ukipokee kilicho kipya kwa salama, na usikose wa kusali naye.

Ila nimekuacha bila ya kukwambia ilikwishaje.

Mjomba aliniagiza niwe posta ya Tanga Jumamosi saa nne asubuhi. Nikangoja kwenye foleni ya watu wa stempu mpaka karani akaita, "Pangani!" Nikakimbilia chombo cha simu.

"Mama, usipige kelele," nilimsikia mjomba akimwambia bibi huko.

"Sipigi kelele, napeleka sauti Tanga! Halo!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sheikh ameisoma barua ya daktari, na picha ameiona. Amesema udongo uliochomwa ni safi, na dhahabu kwa wanawake ni halali."

"Kwa hiyo nisiling'oe?"

"Sheikh amesema lake. Mimi bado langu. Soma Alhamdu nisikie."

"Hapa posta, bibi? Pana watu."

"Watu wa hapo hawaijui Alhamdu?"

Nikageukia ukuta, nikasoma, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, maana Pangani ni mbali. Nyuma yangu karani aliacha kugonga mihuri. Nilipomaliza, waya ulikuwa ukivuma tu. Nikadhani laini imekatika. Nikangoja, chombo nimekibana sikioni.

Kisha bibi yangu, bila ya kupiga kelele, kwa sauti ya mtu aliyekaa bega kwa bega nami, akaitikia: "Amin."