Kanzu ya Idd ya Bwana Mbaruku

Wiki iliyopita mke wangu aliponda majani ya umuravumba kwa ajili ya kifua cha mtoto, akayatia ndani ya mawese ya moto, na harufu ile ikanifuata mpaka barazani nilikokaa na wateja. Nikacheka peke yangu. Wateja wakadhani nimeanza kuzeeka. Sijazeeka, ndugu zangu. Niliikumbuka kanzu ya Bwana Mbaruku, na kila nikiikumbuka roho yangu inashiba kama mtu aliyekula ugali kwa samaki wa mukeke.

Mnaonijua mnajua nilikotoka. Shule ya kizungu sikuiona hata mlango, na chuoni kwa mwalimu niliacha juzuu ya kwanza ikinisubiri. Leo kuanzia Gitaza mpaka Kigwena hakuna mvuvi wa ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, asiyelijua jina langu, na nyumba yangu mvua ikinyesha inapiga ngoma, maana ni mabati. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii. Lakini ushindi wangu wa kwanza ulitokana na sungura wawili.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, na mimi meno ya mbele yalikuwa bado yanadondoka. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Rumonge. Siku moja meli ya Mdachi ilitia nanga na mashua yake inavuja, Baba akaiziba vizuri sana, na mpishi wa meli akamzawadia sungura wa kizungu, dume na jike. Mweupe nikamwita Chumvi. Yule wa rangi ya udongo nikamwita Sukari, kwa sababu ya sukari guru. Mtaa mzima ulikuja kutazama masikio. Kabla yao sikuwahi kuwa na kitu ambacho mwingine hana, na nawaambia kweli, ladha ile haijanitoka mpaka leo.

Bwana Mbaruku alikuwa tajiri wa pembe na mafuta, mtu wa safu ya mbele msikitini. Hata hivyo alifuga mbwa mkubwa aliyepewa na Mdachi mmoja, akamwita Kaizari, akawa anatembea naye ili watu wapishe njia. Asubuhi moja alinikuta nikichunga sungura wangu penye nyasi karibu na michikichi. Akasimama. Akatabasamu. Halafu akamwachia mbwa kamba, akapiga mluzi.

Sungura wakatimkia michikichini, mbwa nyuma yao. Nilipowafikia, Chumvi alikuwa amevunjika mguu wa nyuma, na Sukari sikio moja halipo, ubavu umepasuka. Mbaruku alikuwa anajifuta machozi ya kucheka.

"Mutoto, unalilia panya?" akasema. "Ulize baba yako, panya wa masikio iko na bei gani!"

Nikawabeba ndani ya shuka langu mpaka nyumbani. Baba alipoona, akachukua kisu hapohapo. Msimlaumu. Kwetu mnyama aliyeng'atwa unamuwahi kwa bismillahi kabla roho haijatoka, la sivyo ni mzoga, umekosa mnyama na umekosa nyama. Nikalala juu yao. Baba akanivuta mguu, nikapiga kelele mpaka Bibi, mama yake, akatoka uani na mikono yenye povu. Bibi alikuwa anafua nguo za watu, na hata za nyumba ya Mbaruku.

"Nani kafanya?"

"Mbaruku! Kamwachia mbwa kusudi!"

Bibi akamtazama Baba. "Rudisha kisu chako. Mbwa kacheka, mwenyewe kacheka, halafu sisi tuchinje? Tutakuwa tumemalizia kazi yao. Hawa hawafi."

Nikaapa mbele yake kwamba Mbaruku nitamlipa. Akasema, "Uguza kwanza. Mwenye machozi machoni hutupa jiwe pembeni."

Basi nikauguza, tena kwa elimu yangu yote. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mimi nikaona, kama ni chungu kinaoshwa hivyo, kidonda je? Nikachota tope la ziwani, nikampaka Sukari ubavu mzima kwa nia safi.

"Wewe!" Bibi akanishika sikio. "Unaosha sungura ama unafinyanga mtungi?"

Alikuwa amechelewa. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha, Sukari akaacha kula, akawa anatetemeka kifuani pangu kama jani. Bibi akakikamua kwa maji ya moto na chumvi, akapaka umuravumba na mawese, kila siku, bila kuruka. Mguu wa Chumvi tuliufunga kwa vijiti vya ukuti wa mchikichi na kitambaa cha kanga. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatafunia matembele na kuwatia mdomoni. Kila nikimlisha Sukari nilimnong'oneza jina la Mbaruku, ili apate hasira ya kuishi. Siku aliponyakua jani mwenyewe mkononi mwangu, nikajua sasa zamu imefika ya yule mwingine.

Asubuhi ya Idd, nilikuwa naanika ndagala, Bibi akaniita. Kanzu ya Mbaruku ilikuwa tayari, imepigwa pasi ya makaa, nyeupe kama maziwa.

"Mpelekee. Haraka, usinawe, utachelewa."

Njiani shetani akanipa akili, au ndivyo nilivyodhani. Nikageuza pindo, nikalisugua kwa ndani na ndagala wachache niliowatia mfukoni wakati wa kuanika, chini yote kuzunguka. Nani angesikia? Rumonge yote inanuka ndagala.

Mbaruku akatoka amevaa, Kaizari pembeni yake, akashuka mpaka uwanja wa sala kule ufukweni, wanaume wote wamekaa kwenye mikeka. Akaanza kupita katikati yao kuelekea mbele. Hapo mbwa akakata kamba. Akaingiza kichwa kizima chini ya kanzu, akalamba pindo, akalamba miguu, akalamba magoti. Mbaruku anaruka, mbwa anamfuata, anadhani ni mchezo.

Mwalimu akasema taratibu, "Bwana Mbaruku, umeshaingia najisi. Rudi kaoshe."

"Mara saba!" sauti moja ikatoka nyuma.

"Na udongo usisahau, Bwana!"

Uwanja ukaangua kicheko. Sala haikumsubiri. Tulipotoka tulimkuta uani kwake, amefunga shuka, amejaa tope mpaka mapajani. Nikasimama mlangoni nikiwa nimembeba Sukari mwenye sikio moja, nikamtazama mpaka akainamisha uso. Mbwa alimuuza mwezi uleule.

Miaka mingi nilijisifu kwa kisasi kile. Mwaka nilionunua kiwanja cha Mbaruku, Bibi ameshafariki, ndipo Mama aliponieleza. Bibi alivushwa ziwa akiwa mtoto, mateka kutoka Umanyema, akakulia jikoni kwa baba yake Mbaruku. Kila Idd alipika pilau, halafu akasimama pembeni, na Mbaruku akiwa kijana aliwatupia mbwa kwanza, akamwambia yeye asubiri wanachobakiza.

Kumbe mwanamke yule, aliyekuwa akituchapa kwa kugusa nguo ya watu na mikono michafu, hakuniambia nisinawe kwa sababu ya haraka. Alikuwa na kidonda chake cha zamani, na mimi fundi mkubwa nilikuwa kibarua wake tu siku ile. Linaniuma jambo moja peke yake. Ningelijua asubuhi ile, ningeipaka kanzu mpaka kwenye kola, na kofia pia.