Siku Niliyopakiwa na Mume Niliyemshitaki

Jamani, naisimulia mwenyewe kwa sababu Ifakara nzima wameshaisikia na wanazidi kuitia chumvi, bora aibu yangu muipate kwangu. Nilikuwa nimeamua kuachana na Baba Theresia. Anaondoka kwenda kuvua huko Mofu, anakaa mpaka mtoto anamsahau sura, akirudi anauliza tu kama kuna ugali. Nikaenda mahakama ya mwanzo ya Ifakara kuomba talaka, nikapangiwa siku.

Siku yenyewe, mvua. Nimesimama barabarani hapa Mbingu na gauni langu la kanisani, basi limenasa kwenye tope, nawaza kesi itafutwa, mara pikipiki inasimama. Nani? Yeye!

“Mama Theresia, si tunakwenda kulekule? Panda.”

Nikapanda. (Msinicheke bado.) Nikajiambia nitashuka kabla hatujafika, nani atajua? Basi mvua ikazidi, akanivalisha koti lake, mbele kidogo tukateleza tukaangukia kwenye jaruba la mpunga wa watu, tukainuana, tukafika majina yetu yanaitwa, hata nafasi ya kuachana mlangoni hakuna, tukaingia pamoja, wote rangi moja ya tope.

Hakimu, mama mmoja mpole, akaniambia nieleze. Nikaeleza kwa uchungu kwamba huyu mume hanijali, hata nife kwa baridi hashtuki.

“Hilo koti ni la nani, mama?”

“La... la kwake, mheshimiwa.”

“Na hapa umefikaje?”

Watu walicheka mpaka karani akainamia meza. Na Baba Theresia, badala ya kunyamaza, akadakia: “Mheshimiwa, kuanguka ni utelezi tu, sikukusudia!”

Kumbe hata mlango nilikosea. Hakimu akasema tulitakiwa tuanzie baraza la usuluhishi la kata, akaturudisha huko.

Barazani sikupiga kelele. Nilisema tu kwamba Theresia kila jioni anauliza baba yuko wapi, na mimi nimeishiwa majibu. Mwanaume akainamisha kichwa, utani wote ukamwisha.

“Sikujua ananiulizia,” akasema.

Siku hizi kila Jumamosi yuko nyumbani. Nimemsamehe? Nusu. Hiyo nusu nyingine bado namwangalia. Ila siku nikiamua tena kumshitaki, haki ya Mungu, nitatoka Mbingu mpaka Ifakara kwa miguu, na akinipigia honi sigeuki.