Kofia Yangu na Mabao Matatu ya Ihanda

Nimeungama mambo mengi mbele za Mungu katika umri wangu huu, na yote naamini yamefutwa, ila hili la kofia watu wa kijiji chetu cha Ihanda wamekataa kulifuta, basi afadhali nilisimulie mwenyewe kuliko kumwachia shemeji yangu Lazaro, ambaye kila mwaka huongeza bao moja.

Ilikuwa miaka ile vijiji vya ujamaa vikiwa bado vipya na reli ya Zambia nayo ngeni, nami nilikuwa mwalimu wa dini na mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa kofia nyeusi ya pama hata nikienda kuchuma kahawa. Nikapanda treni pale Tunduma kwenda Kitwe kumsalimu kaka yangu aliyefanya kazi mgodini, na jirani yake alikuwa na televisheni, kitu ambacho kwetu hakuna aliyewahi kukiona. Siku ya mpira nyumba ile ilijaa hadi mlangoni, nikasimama nje dirishani na wenzangu wanaopiga kelele, kwa hiyo niliona kila kitu na sikusikia hata neno moja (na hata ningesikia, ni Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu).

Mpira ulipokwisha wakatokea wanaume watatu wenye tai, wameketi mezani, na mmoja akawa anasogeza vizibo kwenye ubao. Vizibo vinne vya nyuma vikaenda mbele kwa pamoja, kizibo cha adui kikabaki peke yake karibu na goli, wale watatu wakacheka, na mimi dirishani nikacheka.

Jumapili niliporudi, baada ya ibada, tuliketi karibu na vichanja vya kahawa nikawapa habari.

“Ngoja kwanza, Mwalimu,” akasema golikipa wetu, Simoni. “Hao wenye tai hawachezi?”

“Hawachezi. Wanaeleza.”

“Wanamweleza nani, na mpira kila mtu kauona?”

“Kama wazee wa baraza tu,” akadakia mwingine. “Kesi imekwisha, wao ndio wanaianza.”

Watu wakacheka sana, nami nikaona habari yangu inapotea, basi nikachukua buni nikazipanga chini na kuwaonyesha ule mtego wa kuotea: mabeki wote wanakwenda mbele kwa pamoja kabla mpira haujapigwa, mshambuliaji anabaki nyuma yao peke yake, refa anapuliza filimbi. Kicheko kikakoma. Wakasogea.

Lazaro ndiye aliyekuwa beki wetu wa kati. Ni ndugu wa mke wangu, wakati huo ana miaka thelathini na sita na goti bovu, na alikwisha kusema kwamba mechi ya mwezi ule dhidi ya timu ya Tunduma ndiyo ya mwisho kwake. Hao Tunduma, Lazaro hakuwahi kuwashinda hata mara moja. Na mama yake, yaani mama mkwe wangu, aliyeamini siku zote kwamba mpira ni mchezo wa watoto na hajawahi kumwona mwanawe uwanjani, safari hii alikubali kuja.

Lazaro akazitazama zile buni kwa muda. “Sasa shemeji, nani anawaambia mabeki waende? Ulisikia?”

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na mlango wa kusema sijui, ulikuwa wazi na mpana kabisa. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, mtu aliyeona televisheni.

“Nilisikia,” nikasema. “Ni mwalimu wao, anasimama nje. Akivua kofia, wote mbele.”

“Mimi ningependa tukae nyuma tu,” akasema Lazaro taratibu, “kila mtu na mtu wake.”

“Hiyo ni ya zamani, shemeji.”

Akakubali, kwa sababu mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mume wa dada yake.

Siku ya mechi Tunduma walikuja na lori, wanaimba. Kiongozi wao alikuwa Mzee Shabani, dereva wa zamani kutoka Kigoma aliyegeuka mfanyabiashara, ndevu nyeupe, maneno matamu. Mimi nikasimama pembeni karibu na goli letu na kofia yangu kichwani, na dakika za mwanzo mambo yakaenda: nikavua, mabeki wakatoka, filimbi ikalia, wameotea! Nikavua tena, wameotea! Ihanda nzima ikapiga makofi, na nikiri kwamba makofi yale niliyapokea kama yangu.

Kisha Mchungaji akatokea na baiskeli yake, akashuka nyuma yangu. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mtu hasalimii aliyemzidi huku kofia i kichwani, mkono unakwenda wenyewe bila kuagizwa. Nikavua, nikainama: “Shikamoo, Mchungaji.” Nilipoinuka, mabeki wetu wote wanne walikuwa karibu na katikati ya uwanja, na kijana mmoja wa Tunduma aliyekuwa na mpira mguuni amewapita na kumwendea Simoni peke yake. Bao.

“Mwalimu!” Lazaro akaniita. “Mpira alikuwa nao mwenyewe, kofia ilikuwa ya nini?”

“Mmechelewa!” nikajibu. (Mungu ananijua. Ndivyo nilivyojibu.)

Haikupita robo saa mke wangu akaja na mama yake. Kwetu, wakati ule, mama mkwe akipita hukai ukamwangalia: unajitenga pembeni, unavua kofia, unachutama na kupiga makofi polepole macho yakiwa chini mpaka apite. Naye miguu ilikuwa inamsumbua, alipita polepole sana. Nikasikia kelele, lakini ningeinuaje macho? Nilipoinuka ilikuwa mbili kwa sifuri.

Hapo nilielewa. Ningeweza kuwaambia wachezaji waisahau kofia, lakini kuisahau kofia ilikuwa ni kukiri kwamba kofia ilitoka kwangu, si Kitwe. Kwa hiyo nikaamua kuishika kichwani kwa mkono, nikasimama hivyo kama mtu anayeogopa upepo, na upepo hakuna.

Mzee Shabani naye alikwisha kuitambua siri ya kofia. Akauzunguka uwanja mzima taratibu, anatabasamu, akaja akaninyooshea mikono yote miwili.

“Mwalimu! Hujambo? Za Kitwe?”

Mzee mwenye ndevu nyeupe anakupa mikono miwili, wewe unampa mmoja? Nikampa yote miwili, na kofia ikaja pamoja nayo.

“Ahsante, Mwalimu,” akasema huku akitazama nyuma yangu, ambako nyavu zilikuwa zinatikisika. “Salamu yako imepokelewa.”

Ilipofika mapumziko mke wangu alinijia, uso mzito. “Mama anauliza, kwa nini mwanawe anamkimbia adui kila wewe unaposalimia watu?”

Mama ambaye hajawahi kuona mpira! Moyo ukaniuma, kwa sababu nilimwona amekaa kwenye nyasi, ametoka nyumbani kwa miguu ile mibovu, kuja kuona mwanawe akiaibika kwa ajili ya ulimi wangu. Nikawaendea wachezaji.

“Vijana, sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nje dirishani. Habari ya kofia niliitunga mwenyewe.”

Simoni akageuka akatazama pembeni, mabega yanacheza kwa kicheko. Lazaro alinitazama mpaka nikatamani anitukane.

“Shemeji, kaa chini,” akasema.

Nikakaa.

“Si hivyo. Kalia kofia.”

Nikaikalia, mbele ya Mchungaji, mama mkwe, na kijiji kizima. Mabeki wakakaa nyuma, kila mtu na mtu wake, na Lazaro kwa goti lile lile bovu alisimama kama ukuta, alipiga vichwa, aliteleza na kuinuka, na kila alipookoa nilimsikia mama yake akiguna, “Eee!” Tukarudisha mawili. La tatu halikupatikana, filimbi ikalia, tumefungwa.

Nilimfuata Lazaro kumwomba msamaha. Alikuwa anafuta matope usoni.

“Mama ameona kipindi kizima, shemeji,” akasema. “Kinanitosha.”

Mama alifariki kabla ya mvua zilizofuata, na hiyo ndiyo mechi pekee aliyoiona maishani. Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwamba alinivunja kiburi wakati wa mapumziko, wala hakungoja mpira uishe.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa nisichokijua, hata kanisani, nasema sijui, na nimeona kwamba watu hawakimbii. Siku hizi televisheni ipo sebuleni kwangu, wenye tai wanasogeza duara zao, na Lazaro huja na fimbo yake kutazama. Kabla hajaketi hunivua kofia kichwani, huiweka kwenye kiti, na kuikalia yeye. Nami humwacha.